Asiyewahi kuajiriwa naye akumbukwe

Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Tulishangaa, tukalaumu, tukasahau. Mwaka 2025 TRA ikatangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita 135,000.

Vijana hawa wengi hawamo kabisa kwenye hesabu za hifadhi ya jamii. Sheria ya 2018 ilileta fao la kukosa ajira: mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aliyechangia angalau miezi 18 kisha akapoteza kazi hulipwa theluthi ya mshahara wake kwa miezi sita. Ni jambo jema. Lakini linamtaka mtu awe ameshaajiriwa. Binti aliyemaliza chuo na anayezunguka na bahasha ya vyeti hajapoteza kazi, hajawahi kuipata. Huyo hana pa kwenda kudai.

Na kutafuta kazi ni gharama. Kuna bando la kutuma maombi, kuna nakala za vyeti na muhuri wa wakili. Usaili ukiwa Dodoma na wewe uko Kigoma, kuna nauli, pa kulala na chakula. Ukifaulu mchujo, unaitwa tena kwa mahojiano, na gharama zinaanza upya. Nani analipa? Mama muuza mboga, au kaka anayeendesha bodaboda. Kwa hiyo posho ya wasio na kazi tunayo tayari, ila tumewatwisha wasio na uwezo. Linaloniuma zaidi ni kwamba mchujo wa kwanza hufanyika stendi ya mabasi: mwenye nauli anakwenda, asiye nayo anabaki nyumbani na ufaulu wake.

Najua jibu linalotolewa: wakipewa hela watabweteka. Afrika Kusini ilianza mwaka 2020 kuwalipa watu wazima wasio na kipato randi 350 kwa mwezi, baadaye zikawa 370. Kiasi hicho kiko chini hata ya mstari wa umaskini wa chakula wa nchi hiyo. Hakuna anayeacha kazi kwa ajili yake. Kinachopatikana ni nauli na unga.

Wengine watanielekeza kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, ambayo 4 ni za vijana. Ule ni mkopo, unataka kikundi, na lazima urudishwe. Aliyesomea uuguzi, katika nchi yenye zahanati zisizo na wauguzi wa kutosha, kwa nini tumsukume kwenye kikundi cha kufuga kuku?

Mimi ningeanza na kidogo. Kila kijana asiye na kazi anayeitwa kwenye usaili wa serikali alipwe nauli na malazi kwa simu kabla hajasafiri. TASAF imeshalipa kaya maskini kwa njia ya simu, basi njia ipo. Mwaka unaofuata iongezwe posho ya miezi sita kwa anayetafuta kazi ya kwanza, sawa na muda anaopewa aliyepoteza ya kwake.