Viinitete vyetu vitatu na kisanduku kisichokuwepo kwenye fomu

Kila Juni napata ujumbe kwenye simu kutoka kliniki moja ya Nairobi: ada ya kuhifadhi imefika, lipeni kabla ya tarehe 30. Vinavyolipiwa ni viinitete vitatu, yaani mayai yangu yaliyorutubishwa maabara kwa mbegu za mume wangu, njia iitwayo IVF, vilivyogandishwa ndani ya nitrojeni kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Vilikuwa sita. Viwili viliwekwa tumboni mwangu kwa nyakati tofauti, vyote havikushika. Cha tatu ni binti yetu, ambaye sasa ana miaka minne na kila asubuhi namfunga kamba za viatu akiwahi chekechea hapa Mamboleo, Kisumu.

Mama mkwe alipotoka Seme kuja kumwona mtoto, tulimweleza yote. Alisikiliza huku akimkanda mjukuu wake miguu, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), na hao waliobaki, hawasikii baridi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mtaalamu wa maabara alikuwa amenionyesha kimoja kwenye skrini, kikiwa na siku tano: kiduara cha seli mia moja na kitu, kidogo hata kuliko nukta ya kalamu. Hakina neva, hakina ubongo, hakina cha kusikilia baridi. Hayo nilimwambia mama. Lakini niliona kwamba hakuwa anauliza habari za neva. Alitaka kujua kama vina mwenyewe, kama kuna anayevikumbuka.

Nina msimamo, na nitausema wazi. Ningependa vyetu vitumike katika utafiti wa tiba kuliko kuyeyushwa na kumwagwa. Tena naona wanaopinga utafiti huu nchini kwetu wanaelekeza hasira mahali pasipo. Kliniki za uzazi hutupa viinitete wenyewe wakiacha kulipa au wakisema wametosheka na watoto walio nao. Sijawahi kusikia mahubiri kuhusu hilo, wala kumwona mtu na bango Oginga Odinga Street. Neno "utafiti" likitajwa ndipo tunakumbushwa kwamba uhai ni mtakatifu. Kama kiinitete ni mtu kamili, basi kukimwaga kwenye sinki ni kosa kubwa kuliko kukichunguza. Na kama kukimwaga tunakubali, nielezwe kwa nini kumfunza daktari jambo kupitia kwake ni dhambi.

Najua Katiba ya 2010, kifungu cha 26, inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Maneno hayo nayaheshimu. Ila hayasemi kama mimba hutungwa pale yai na mbegu zinapokutana kwenye kisahani cha maabara, au pale kiinitete kinapojishikiza kwenye mji wa mimba. Kwangu mimi tofauti hiyo ina uzito. Nilibeba matokeo ya vile viwili vya kwanza kwa siku kumi na kitu kila kimoja, nikingoja kipimo cha damu, na vyote viliondoka bila kushika. Nililia, lakini sikuzika mtu.

Waingereza walilikabili swali hili mapema, baada ya Louise Brown kuzaliwa mwaka 1978, mtoto wa kwanza duniani kwa njia hii ya IVF. Serikali yao iliunda kamati, na uenyekiti akapewa Mary Warnock, mwanafalsafa, wala si daktari. Ripoti yao ya 1984 ilipendekeza kiinitete kisikuzwe maabara kupita siku 14, na mwaka 1990 pendekezo hilo likawa sheria. Siku 14 hawakuzitoa hewani. Karibu na siku hizo ndipo hujitokeza mstari mwembamba unaoonyesha mgongo utapita wapi. Kabla ya hapo kiinitete kimoja bado kinaweza kugawanyika kikawa mapacha. Hilo nimelirudia kichwani mara nyingi: kitu ambacho bado hakijaamua kama ni mmoja au ni wawili, siwezi kukiita mtu kama ninavyomwita binti yangu. Lakini hakiwi takataka, maana yeye naye alipita hapohapo.

Kwa miaka mingi mpaka ule haukusumbua, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuufikia. Mwaka 2016 maabara mbili, moja Cambridge na nyingine New York, zilikuza viinitete hadi karibu siku 13. Mwaka 2021 shirika la kimataifa la watafiti wa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine mwilini, likalegeza mwongozo wake, likiacha mlango wazi kwa utafiti wa kupita siku hizo, kila ombi lipimwe peke yake. Hapo naogopa kidogo. Ahadi iliyodumu wakati hakuna aliyeweza kuivunja, kisha ikasogezwa mara tu alipopatikana anayeweza, inanifanya nijiulize wazazi waliotoa viinitete vyao waliambiwa nini. Mimi nikivitoa vyangu kwa siku 14, visifike ya 15 bila kuniuliza tena.

Wako wanaosema hatuhitaji viinitete tena. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha mwaka 2006, kwa seli za panya, na mwaka uliofuata kwa seli za binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa nyuma ikawa kama seli shina. Alipata Nobel mwaka 2012, na aliistahili. Huku kwetu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ndiyo inatuchosha, na nisidanganye mtu: dawa mpya ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 hutumia seli za damu za mgonjwa mwenyewe. Kiinitete hakihusiki. Ila seli ya ngozi haiwezi kumwambia daktari kwa nini viinitete vyangu viwili, vilivyoonekana vizuri kabisa kwenye skrini, vilikataa kushika. Nilimuuliza. Akafungua mikono akasema, "Mama, hatujui." Jambo la wiki ya kwanza litajulikana kwa kuitazama wiki ya kwanza.

Sasa fomu. Ilikuwa na kurasa tisa, kwa Kiingereza cha mawakili, nikaletewa asubuhi ya kutolewa mayai nikiwa nimeshavaa gauni la hospitali na sindano iko mkononi. Kuhusu vitakavyobaki palikuwa na visanduku viwili: kuendelea kuhifadhi, au kutupa. Nilipouliza utafiti, muuguzi alisema hapa hakuna hicho, nitie sahihi kwa sababu daktari ananingoja.

Na bado ridhaa ya kweli naijua inavyofanana, kwa kuwa haikufanyika mbali na hapa. Chanjo ya malaria ilipokuwa ikijaribiwa Kombewa na Siaya, shangazi yangu alikuwa mmoja wa akina mama walioombwa watoto wao washiriki. Alikalishwa chini akasomewa kwa Dholuo, akaulizwa ameelewa nini, akaruhusiwa kurudi nyumbani kumuuliza mumewe. Alirudi kesho yake ndipo akatia sahihi. Mwanamke ambaye hakupita darasa la tano alielezwa vizuri kuliko mimi mwenye digrii.

Watoto wa kwanza wa IVF walizaliwa Kenya mwaka 2006. Millie Odhiambo, mbunge wa Suba North, aliwasilisha mswada wa kwanza wa kuisimamia mwaka 2014, kisha akaurudisha Bungeni zaidi ya mara moja. Wakati wote huo fomu zimekuwa zikiandikwa na kliniki zenyewe. Ninachotaka kiwe ndani ya sheria ni kidogo: wazazi waulizwe baada ya matibabu kwisha, akili ikiwa imetulia, kwa lugha wanayoiota usiku, na waambiwe ni utafiti gani, wa siku ngapi, na nani atafaidika. Na wawe na haki ya kubadili nia.

Nimeiandikia kliniki kuuliza kama kuna kisanduku cha tatu. Wamejibu kwa kunitumia nambari ya paybill ya kulipia ada kwa simu. Mama mkwe bado huuliza akipiga simu, nami humwambia wako salama. Mwaka huu tumelipa tena.