Zimwi adimu likionekana: ulipige au usubiri wenzako?

Mchezaji mpya wa Final Fantasy XIV, mchezo wa video wa mtandaoni ambao watu wengi hucheza katika ulimwengu mmoja, hukutana na ugomvi huu mapema. Anapita na kipando chake jangwani, anaona zimwi kubwa lenye jina asilolijua, na pembeni wamesimama watu thelathini wasiofanya lolote. Anachomoa upanga, anapiga. Sekunde chache baadaye gumzo la eneo zima limejaa lawama. Hajavunja kanuni yoyote ya mchezo, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba wale watu walikuwa wanasubiri.

Uwindaji huu wa mazimwi adimu uliingizwa mchezoni Julai 2014, katika toleo la 2.3. Square Enix, kampuni inayoutengeneza mchezo, iliyagawa mazimwi yake katika madaraja matatu. B ni la kawaida: ukiliua, linajitokeza tena mahali pengine katika eneo lilelile karibu papo hapo, na kila wiki ubao wa uwindaji hukupa hati ya kuwinda moja lililotajwa kwa jina. A ni kubwa zaidi, na likishauawa huchukua takribani saa 4 hadi 6 kabla ya kuonekana tena. S huchukua siku kadhaa, na hata muda wake ukifika halitokei mpaka mtu atimize sharti lake. Tangu Shadowbringers, upanuzi (nyongeza kubwa ya mchezo) wa mwaka 2019, kuna pia SS, ambalo huweza kufuata baada ya S kuuawa.

Kwa nini watu wagombee? Kwa sababu ya malipo. Mwanzoni mihuri ya uwindaji, yaani sarafu anayolipwa mwindaji, ilinunua Sands of Time na Oil of Time, vitu vya kuimarishia silaha na mavazi bora ya kipindi kile. Watu walimiminika, na mazimwi yakawa yanakufa kabla ya walio mbali kufika. Malipo yalitegemea mchango wa kikundi chako katika pambano, hivyo aliyechelewa au aliyekuwa peke yake aliambulia makombo. Desturi ya kusubiri ilizaliwa na maumivu ya siku zile. Wachezaji wenyewe ndio walioitunga, kampuni haikuandika kitu.

Kutokana na desturi hiyo yakatokea yale ambayo wachezaji huyaita treni. Watafutaji hutangulia kuzunguka maeneo yote ya upanuzi mmoja na kuandika kila A liliposimama bila kuligusa. Dawntrail, upanuzi uliotoka Julai 2024, ina maeneo 6 yenye A mawili kila moja, yaani 12, na zaidi pale eneo linapogawanywa katika nakala kadhaa kwa wingi wa watu. Kisha kondakta anatangaza saa, anaweka alama ya ramani kwenye gumzo, na umati unahama naye kutoka zimwi moja hadi jingine. Mgeni akipanda treni na kujiunga na kikundi, anatoka na malipo ambayo angeyatafuta peke yake kwa siku nyingi.

Hapo ndipo hoja ya kusubiri inapopata nguvu, na kwa S ina nguvu zaidi. Chukua Nunyunuwi wa Southern Thanalan. Sharti lake ni kwamba kwa saa nzima FATE yoyote inayoanza katika eneo hilo isishindikane. FATE ni matukio ya muda mfupi yanayochipuka popote jangwani, na kila moja ina saa yake inayokwenda. Watu wanagawana kona, mmoja kaskazini, mwingine kusini, wanaitana kila tukio jipya linapoonekana kwenye ramani. Dakika ya hamsini na kitu, FATE moja ambayo hakuna aliyeiona inaisha muda, na hesabu inarudi sifuri. Wanaanza upya. Watu hao wakifanikiwa, wanatangaza, wanasimama kando na kuwapa wengine dakika kadhaa wafike. Anayepita na kulipiga kabla ya umati kuwasili amekula jasho la watu, hata kama hakulijua.

Masharti mengine yana uzito huohuo. Ruminator wa Mare Lamentorum anataka viumbe 300 wauawe kwanza, mia ya kila aina kati ya aina tatu. Salt and Light wa The Lochs anataka vitu 50 vitupwe. Kwa Chernobog, huko Outer La Noscea, lazima mchezaji afe. Kwa S, basi, msimamo wangu haunipi shida: subiri, kila mara, mpaka aliyeliita atoe ruhusa.

Kwa A mambo si mepesi hivyo, na watetezi wa treni hawapendi kuusikia upande wa pili. Zimwi la A linatokea lenyewe. Hakuna aliyelitolea jasho zaidi ya kuruka na kuliona. Mtu mwenye nusu saa baada ya kazi, aliyelikuta kwa bahati yake, kwa nini aliache kwa ajili ya treni itakayoondoka saa mbili baadaye akiwa amelala? Zaidi ya hapo, treni zimeugeuza ulimwengu mpana kuwa orodha ya vituo. Abiria anaweza kupanda treni mwezi mzima na asijue A lolote linapenda kukaa wapi, kwa sababu kazi yake ni kubofya alama, kusafirishwa, kupiga mara tatu na kuondoka. Ile furaha ya kuvuka kilima na kukuta jitu linakusubiri, ambayo kwangu ndiyo roho ya uwindaji, abiria huyu hajawahi kuionja.

Usafiri kati ya seva, yaani nakala mbalimbali za ulimwengu wa mchezo, uliuchochea mzozo. Tangu Aprili 2019 mchezaji anaweza kutembelea seva nyingine za kituo chake cha data (kundi la seva), na tangu Julai 2022 anaweza kuhamia kwa muda hata kituo kingine. Mgeni akimaliza A za kwao anakwenda kufagia za jirani, na watafutaji wa huko wanakuta orodha yao imekufa. Hapo hoja ya "nimelikuta, ni langu" inanishinda kuitetea. Anayezunguka seva nzima nzima kwa makusudi si mpita njia tena.

Kwa hiyo mgeni afanye nini? Ningemshauri aanze na hati za B, peke yake, bila kuangalia ramani za mtandaoni kwa wiki za kwanza. B hukaa katika vituo maalumu vya eneo, na ukivizunguka unaanza kuijua ardhi. Ujuzi huo utamsaidia siku atakapojitolea kutafuta A kwa ajili ya wengine. Hatahitaji programu za nje zinazonasa mazimwi zenyewe na kuripoti. Hizo zinakatazwa na masharti ya mchezo, na Mei 2022 mtayarishaji wake, Naoki Yoshida, alitoa tamko kulisisitiza hilo.

Akikuta A la upanuzi mpya jioni, aulize kwenye gumzo kama kuna treni. Asipojibiwa kwa dakika chache, alipige kwa moyo mweupe. A za upanuzi wa zamani, saa ambazo seva imepoa, zinafaa sana kwa mtu mmoja mwenye ngazi 100.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, vituo vya data vya Ulaya, Chaos na Light, vina faida ya saa: saa 2 usiku ya Ujerumani ni saa 3 au saa 4 usiku Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo jioni yao ni jioni yetu. Anayecheza toleo la bure, linalofika ngazi 70, anaweza kuwinda hadi mazimwi ya upanuzi wa Stormblood, ila hawezi kupaza sauti kwenye gumzo la eneo wala kuanzisha kikundi. Itabidi aalikwe. Kondakta anayejali wageni huacha nafasi kikundini na kualika, na ningependa kuona wengi zaidi wakifanya hivyo.

Umati ukiwa mkubwa, mchezo hushindwa kuchora kila mtu, na zimwi linaweza kufa kabla halijaonekana kwenye kioo chako. Punguza idadi ya wahusika wanaoonyeshwa kwenye mipangilio, na ufike mapema. S likishakufa, usisafiri mara moja: katika maeneo ya Shadowbringers na ya baadaye, vibaraka wanne wanaweza kujitokeza pembe mbalimbali, na wote wakiuawa kwa wakati, SS linakuja.