Maziwa ya Mbwa

Tangu nimuoe binti yake, mama bukwe amenitazama machoni mara moja tu. Anayejua desturi zetu Waluba wa Katanga, huku Kongo, hahitaji maelezo: mkwe na mama bukwe hupishana kama jua na mwezi. Hatuli meza moja, hatupeani mkono, na akikatiza uani mimi huangalia juu nikahesabu misumari ya mabati. Sasa mama huyohuyo, asubuhi moja ya Julai, hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, alitoka ndani ameshika nepi mbili zilizofunguliwa, akasimama hatua moja mbele yangu, akanikazia macho.

"Shamapasa, hii ni nini?"

Zilikuwa kijani. Kijani cha sombe, majani ya muhogo, iliyotwangwa ikalala. Nikarudi kwenye misumari yangu. Hakuna mzee aliyewahi kunifundisha namna ya kujadili choo cha mtoto na mama bukwe kwa heshima.

Kabla hujanihukumu, sikia kwanza habari za fedha.

Tuna mapasa, yaani pacha. Wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Kwetu mapasa hawatafutiwi majina, wanakuja nayo. Ukipata mapasa unapanda cheo. Unaitwa Shamapasa hata na watu usiowajua, wageni wanakuja kukuimbia nyimbo ambazo siku nyingine wangefukuzwa nazo, na anayemletea mmoja franka mia tano sharti amletee mwenzake mia tano. Hiyo ndiyo sheria kubwa: mapasa hawatofautishwi. Ukimvalisha huyu soksi, mvalishe na yule. Ukimpendelea mmoja, mwingine anakasirika, na pasa akikasirika, wazee wanasema, anaweza kuamua kurudi alikotoka.

Hakuna mzee aliyesema nani atalipia usawa huo.

Mke wangu anawanyonyesha wote wawili, ila walipofika miezi mitatu uzito ukagoma kupanda. Muuguzi wa kituo cha afya akatuambia tuwaongezee maziwa ya kopo, biberoni (chupa za kunyonyeshea) tatu kwa siku kila mmoja. Mimi kazi yangu ni kujaza karatasi za malori yanayoingia kutoka mpaka wa Kasumbalesa. Ni mtu wa safu na jumla. Jioni ile nikakaa na kaye yangu, yaani daftari. Biberoni moja ni mililita 120 za maji na vijiko vinne vya unga. Mara tatu, mara watoto wawili: vijiko 24 kwa siku. Kopo la gramu 400 linatoa vijiko kama 90, yaani halifiki siku nne. Makopo manane kwa mwezi. Kopo la ile chapa ambayo kila mtu anaijua, tuliite la bluu, nililinunua dola 10. Dola 80! Kodi ya nyumba nalipa 70. Wanangu walikuwa wanakunywa nyumba nzima na kuteremshia na chumba cha uani.

Ndipo siku moja mjini nikaingia kwenye duka kubwa, lile la kusukuma vigari. Kwenye rafu ya chini kabisa (vya bei nafuu huwekwa huko ili uviinamie kwa aibu) nikaona kopo lenye jina la duka lenyewe. Dola 6 na nusu. Umri wa kwanza, miezi 0 hadi 6, gramu 400. Nikachuchumaa hapo chini na makopo mawili, nikasoma migongo yao kama nakagua mizigo mpakani: protini, mafuta, chuma, vitamini, mstari kwa mstari. Karibu ndugu wa tumbo moja. Baadaye nilikuja kujua kwamba si bahati: kuna kipimo cha kimataifa cha vyakula, cha Codex, cha tangu 1981, kinachosema maziwa ya mtoto mchanga yawe na nini na kwa kiasi gani, hata kopo liwe na jina la nani. Tofauti niliyoiona kwa macho ilikuwa mchoro. Kopo la duka lilikuwa na mnyama mnene wa kahawia, anatabasamu. Dubu.

Katanga hatuna dubu. Hilo uliweke akilini.

Mtu mwenye busara angerudi nyumbani akamwambia mkewe. Mimi nikaamua kufanya utafiti. Kyungu anywe la bluu, Kabange anywe la dubu, siku saba, kila kitu kiandikwe. Kisha ningemwekea mke wangu ushahidi mezani. Kwa nini Kabange ndiye ajaribiwe? Mimi mwenyewe ni mtoto wa pili. Tumezoea.

Kulikuwa na kizuizi kimoja, na mke wangu atakisomea hapa: siwezi kuwatofautisha wanangu. Yeye anawajua hata kwa kukohoa. Mimi, na hasa kwa kuwa zamu zangu za biberoni zilikuwa za gizani, saa mbili usiku, saa saba na saa kumi na moja alfajiri, niliona vichwa viwili vya namna moja vinavyolia kwa sauti moja. Nikachukua uzi mwekundu, nikamfunga Kabange kwenye kifundo cha mkono, nikateremsha mkono wa sweta juu yake. Kwa baridi ya Julai ya Lubumbashi hakuna ambaye angeuliza kwa nini mtoto kafunikwa.

Utafiti ukaenda vizuri ajabu. Umeme ukikatika, ambayo ilikuwa karibu kila usiku, niliibana simu kwa meno, tochi ikimulika chupa ya chai yenye maji yaliyochemka, na kuhesabu vijiko kimoyomoyo. Kisha napapasa mkono wa mtoto aliye karibu na mlango. Nikikuta uzi, huyu ni Kabange, anapewa dubu. Mwenzake anapewa bluu. Kaye yangu inasema: "Siku ya 1, Kabange kamaliza yote. Kyungu kabakiza mililita 20. Siku ya 3, Kabange kalala saa nne mfululizo. Kyungu gesi nyingi. Bei haizuii gesi." Kufikia siku ya nne nilikuwa nimeshazidisha: dola 3 na nusu mara makopo manane, 28 kwa mwezi. Nilianza kujiona Jumamosi mbele ya sinia la michopo, nyama ya kuchoma, bila kumdai wala kudaiwa na mtu.

Siku ya tano zikatoka zile nepi.

"Mama, hiyo... ni choo," nikawajibu mabati.

"Choo ya mutu gani iko na rangi hii?"

"Pengine tumbo la Kabange limemsumbua kidogo."

"Hii ya Kabange. Hii ya Kyungu. Bote babili."

"Haiwezekani!" nikaropoka. "Kyungu anakunywa la bluu!"

Hata kuku wa jirani waliacha kuchakura. Mke wangu akajitokeza mlangoni mwa jiko na mwiko wa bukari mkononi. Mama bukwe akaweka nepi chini taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo ili mikono iwe huru.

"Na Kabange anakunywaka nini?"

Sikujibu. Hakungoja. Akaingia ndani, akatoka na kopo, akaligeuzia jua. Akamtazama yule mnyama. Akanitazama mimi.

"Mbwa," akasema.

"Si mbwa, mama. Ni dubu."

"Dubu njo nini?"

"Ni mnyama wa nchi za baridi. Mkubwa. Ana manyoya mengi. Anakula samaki." Kila neno lilizidi kunizamisha, nami sikuweza kunyamaza. "Anapanda miti."

"Mbwa ya baridi," akahitimisha, akafungua lango, akatoka barabarani na kopo juu kama kombe la mpira. "Muje muone! Shamapasa anakunywishaka mutoto maziwa ya mbwa! Na ni mumoja tu! Mwenzake hapana!"

Nakuapia, kilichowakasirisha watu ni hiyo sentensi ya mwisho. Habari ya mbwa walikuwa tayari kuijadili. Muuza makaa alisema amewahi kusikia maziwa ya mbwa yanampa mtoto meno mapema. Kijana wa kuziba magurudumu akataka kujua mbwa anakamuliwaje bila kuuma. Mchungaji wa jirani aliuliza kama mbwa mwenyewe alichanjwa. Lakini kugawanya mapasa? Hapo wote walitikisa kichwa, na mchungaji akavua miwani.

Nikamsogelea mke wangu. "Lakini Kyungu kageukaje kijani?"

Akapandisha mkono wa sweta ya mtoto mmoja: uzi mwekundu. Akapandisha wa mwenzake: uzi mwekundu. Siku ya pili mama alipokuwa anawaogesha alikuta uzi kwa Kabange peke yake, akadhani sisi tumemsahau Kyungu, akamfunga wa kwake ili asikasirike. Nami, kila usiku, nikishapapasa mkono wa kwanza na kukuta uzi, nina sababu gani ya kupapasa wa pili? Siku tatu nzima nilikuwa nampa dubu yeyote aliyelala karibu na mlango. Kaye yangu haikuwa na habari za maziwa hata kidogo. Nilikuwa nimefanya utafiti wa mlango.

Tulikwenda kituo cha afya watu watano na nepi mbili. Muuguzi alisikiliza mpaka kwenye "anapanda miti", akaweka kalamu chini, akainama akacheka mezani. Kisha akaeleza: mtoto akibadilishiwa maziwa, choo nacho hubadilika kwa siku chache, na chuma kilichomo kwenye unga huleta huo ukijani. Maadamu wananyonya, wanacheza, hawana homa, hawaharishi maji wala damu, hakuna ugonjwa. Akawapima. Wote wameongezeka, Kyungu kwa gramu 10 zaidi. Mama bukwe aliziangalia hizo gramu 10, halafu akaangalia upande wangu, ingawa si machoni.

Akaacha kucheka alipouliza napimaje unga, nikasema natumia kijiko cha bluu kwa makopo yote mawili kwa sababu kile cha dubu kilizama. Hapo nilipigwa maneno. Kila kopo lina kijiko chake. Ukichanganya, maziwa yanakuwa mepesi mtoto asishibe, au mazito yakamchosha tumbo na figo. Nilitia mkono kwenye unga jioni ile nikakitafuta... la, nilinawa kwanza, ndugu zangu.

Mama bukwe akamuuliza muuguzi: kama si ya mbwa, kwa nini wamechora mbwa? Muuguzi akamwambia kuna kanuni ya Shirika la Afya Duniani, ya 1981, inayokataza kuweka picha ya mtoto kwenye kopo, mama asije akadhani kopo linashinda titi lake. Basi wenye viwanda wanachora wanyama.

"Sasa si bangechora ng'ombe?"

Muuguzi hakuwa na jibu. Mimi pia sina mpaka leo.

Jumapili akaja manseba wa mke wangu, yaani mjomba wake, kunikatia faini. Kuku weupe wawili, dola 12 kila mmoja. Vitenge viwili, dola 15 kila kimoja. Nikapiga magoti nikamwomba Kabange msamaha kwa sauti. Nilipotaka kuinuka nikarudishwa chini, nikamwomba na Kyungu, ambaye sikumkosea chochote, maneno yaleyale kwa urefu uleule. Jumla dola 54. Akiba ya miezi miwili, kasoro dola 2. Nikawashikisha wanangu kila mmoja yake.

La bluu hatulinunui tena. Lakini mama bukwe amekataa watoto wachotewe kopo moja. Kila mmoja ana lake, na kijiko chake, na uzi mwekundu kwenye kopo. Jana nilisikia sauti upande wa pili wa ukuta:

"Shamapasa, maziwa ya mbwa imeisha. Leta mbili."