Leteni Mashahidi, Mimi Nimefaulu

Nimefaulu mtihani wa udereva. Nalitanguliza hilo kwa sababu nawajua watu wa mtaa wetu: ukikawia kumaliza habari, wanakumalizia wao, tena vibaya. Nimefaulu bodi, nimefaulu alama za barabarani, nimefaulu na yale mambo ya koni: kurudi nyuma, kupaki, kuondoka mlimani, kugeuza gari mahali pasipogeuzika. Sasa kwa vile nimefaulu, hakuna atakayesema nalalamika kwa sababu ya kushindwa. Nalalamika kwa sababu nina haki.

Hebu mtu aniambie, ni lini katika Mombasa hii mtu amerudisha gari nyuma peke yake? Mimi ni mtu wa Kuze, nimezaliwa hapa, ndevu zimeniota hapa, na sijaona. Ziwake tu zile taa nyeupe za nyuma, watu wanachipuka. Muuza kahawa anaweka dele lake chini. Mtoto aliyekuwa akikimbilia chuoni, juzuu kwapani, anasimama. Mzee ambaye hajabanduka barazani tangu alasiri, hata alipoitwa na mkewe mara mbili kwa sauti ya pili ile yenye hatari, huyo anabanduka. Na wote kwa pamoja: "Lete! Lete! Kata kulia! Kata yote! Nyoosha! Lete... hapooo!" Ile "hapo" huja sawia na bampa kufika ukutani.

Katika wote hao, mwenye leseni hakuna. Yule hodari wao, ambaye wenzake humwachia nafasi ya katikati, hata baiskeli hajapata kumiliki. Wa kwanza anakuita kwa mkono, wa pili anakusimamisha, wa tatu anafukuza nzi na wewe unamfuata yeye. Ukitoa kichwa dirishani kuuliza, "Kulia kwako au kulia kwangu?" unajibiwa "Kulia!" na unaonekana mtu mwenye kiburi.

Basi mimi nimelelewa hivyo. Nimeingia skuli ya udereva na mkono wangu mmoja usukanini, masikio yote mawili nje. Mwalimu wangu, binti mdogo, rika la mwanangu wa pili, ana breki yake upande wake na anaikanyaga kabla mimi sijafikiri. Akaniambia, "Baba, una vioo vitatu. Tumia vioo." Wallahi nilimwonea huruma. Vioo! Kwetu kioo cha katikati ni cha kutundika tasbihi, na vya pembeni kazi yake ni kukunjwa ili mkokoteni wa maji upite.

Bodi sitaisema sana. Wanakuwekea mji juu ya meza, barabara zimepigwa rangi safi, nawe mtu mzima unapewa kigari cha kuchezea ukipitishe kwa kidole, ukitaja huku unakwenda: hapa nasimama, hapa nampisha anayetoka kulia kwangu, hapa ndipo naingia raundabauti. Ni mji mzuri. Hauna tuktuk. Lau wangekuwa wanauza viwanja mle, ningeuza hiki kibanda nihamie. Kisha ukitoka nje nenda kasimame Makupa saa kumi na moja jioni, umpishe anayetoka kulia. Utampisha mpaka Isha.

Mlima ndio ulionikosesha usingizi. Kisiwa chetu kiko tambarare kama sinia la pilau, mlima tutautoa wapi? Mlima tunaoujua watu wa hapa ni ule mteremko wa kivuko cha Likoni, ambao ukishuka ni mteremko na ukitoka ng'ambo ya pili ni mlima wa haki. Mwalimu akanipeleka huko huko nikajifunze na herufi yangu L nyekundu mbele na nyuma. Sasa sikia kanuni ilivyo: unavuta hendibreki, unatia gia ya kwanza, klachi unainyanyua pole pole mpaka injini ibadilishe sauti na boneti lijiinue kidogo, hapo unakanyaga mafuta kiasi, ndipo unaachia hendibreki. Wenyewe wanaita kubalansi. Ni kanuni nzuri kabisa, ila haikusema cha kufanya na lori lililokuganda nyuma, wala na bibi mwenye beseni la samaki aliyeegemea buti lako akipumzika, wala na umma mzima wa waja unaoshuka ferini ukikupitia kushoto na kulia. Na wanaovuka kwa miguu hawalipi, kwa hivyo na ushauri wao wanautoa bure. "Mzee, tia moto!" "Mzee, usitie moto!" Gari likazima. Likazima tena. Lori likapiga honi mpaka samaki wa yule bibi, nadhani, wakasikia.

Lakini nilijifunza. Hilo liandikwe.

Ikaja siku ya mtihani. Uwanja mpana, jua la saa sita, koni zimepangwa. Mtahini wangu ni bwana mmoja mkavu, ana kalamu na karatasi, na shingo ambayo nadhani haijawahi kugeuka kwa mzaha. Akasema, "Mzee, rudisha gari katikati ya koni zile, upaki sambamba na ukingo." Nikasema inshallah. Kazi naijua: unasogea mpaka ulingane na koni ya mbele, unatia rivasi, unakata kushoto yote, unarudi mpaka kioo cha kulia kikuonyeshe koni ya nyuma, unanyoosha, unarudi kidogo, kisha kulia yote, gari linajilaza lenyewe. Nilikuwa nimeyakariri vizuri kuliko namba ya kitambulisho.

Nikatia rivasi. Nikashusha kioo cha dirisha. Nikangoja.

Kimya.

Ndugu zangu, mmewahi kusikia gari likiwa kwenye rivasi na hakuna mtu anayesema kitu? Si sauti ya kawaida. Ni kama nyumba ambayo watoto wametulia ghafla. Nikaangalia kushoto, koni. Nikaangalia kulia, koni. Koni haina mkono, haina "lete", haina hata nzi wa kufukuza.

"Mzee, unangoja nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba nangoja mtu? Nikasema bismillahi, nikaachia klachi, nikaanza. Na kwa kuwa masikio yalikuwa yanawasha kwa ukimya, nikawa najisemea mwenyewe chini chini: lete, lete, kata, lete...

Kalamu ikasimama. "Unazungumza na nani?"

"Nasoma dua, bwana."

Akanitazama. Dua hairuhusiwi wala haikatazwi, nadhani alikuwa akiitafuta kwenye karatasi yake. Nami nikaendelea na dua yangu: nyoosha, lete, kulia yote, lete kidogo. Na hapo hapo, gari likiwa limeingia katikati ya koni bila kugusa hata moja, kutoka ng'ambo ya ua, kwa yule mama muuza viazi karai ambaye maskini ya Mungu alikuwa amejizuia tangu mwanzo, ikaja sauti: "Hapooo!"

Mtahini akaruka. "Nani huyo? Nani amesema hapo?"

Hakuna aliyejibu. Viazi vilikuwa vikichirizika mafutani. Akaangalia tairi, akaangalia koni, akaangalia ukingo, akaandika. Nimefaulu. Nilipotoka getini mama wa viazi akanyoosha kiganja, ati yeye ndiye aliyenipakisha. Nilinunua viazi kwa bei ambayo kiazi hakijawahi kuuzwa pwani hii.

Mngesema hadithi imeisha. Manung'uniko yenyewe ndiyo yanaanza.

Gari mimi sina. Leseni ni yangu, gari ni la shemeji, Probox, hulilaza kwetu akienda safari kwa sababu kwake hakuna nafasi. Jioni ile nikalileta, nikafika kwenye kile kichochoro chetu. Nikatazama vioo. Vyote vitatu, kama nilivyofunzwa. Baraza zima likanyanyuka, mikono tayari. Nami, kwa adabu, nikawaambia, "Msijisumbue, wazee wangu, nitaliingiza mwenyewe." Nikaliingiza. Kimya kile kile cha uwanjani, gari likakaa pembeni ya ukuta, ungepitisha kiganja katikati na kisikwaruzike.

Nikashuka nikisubiri hongera. Wakakaa. Nikatoa salamu, ikarudi nusu. Asubuhi muuza kahawa akanipita na vikombe vyake akivigonga mbele ya mlango wa jirani. Mzee wa katikati akamwambia mwenzake, mimi niko hapo hapo nasikia, "Siku hizi wasomi ni wengi."

Mama watoto akaniita ndani. "Baba, umewafanya nini wazee?"

"Nimepaki gari."

"Peke yako?"

"Nina leseni!"

"Leseni itakuja kutuzika?" akauliza. "Tukifiwa leo, jeneza litabebwa na hiyo leseni? Toka, kalitoe hilo gari, ulirudishe upya, uwaache."

Nikalitoa. Liko salama, limekaa vizuri, nikalitoa. Nikalipeleka mpaka mwisho wa kichochoro, nikatia rivasi, nikapiga na honi ili asiwepo wa kusema hakujua. Wakaja wote, hata mmoja aliyekuwa anaumwa mguu. Wakanikata kulia, wakaninyoosha, wakanikata tena kulia, kulia ya nani sikuuliza kwa sababu ya amani. Vioo niliviangalia, na vioo viliniambia ukweli, nami nikautazama ukweli ukija mpaka taa ya nyuma ikapasuka.

Kesi ilisikilizwa hapo hapo barazani, kahawa ikazunguka, na kikombe cha kwanza nikapewa mimi. Muuza kahawa alishuhudia kwamba alisema "hapo" kwa wakati. Mtoto wa chuoni akashuhudia kwamba alimsikia. Mzee wa katikati akapima kwa shibiri, akarudia kupima, kisha wakakubaliana kwamba dereva hana kosa na waelekezaji hawana kosa, ila ukuta umetokeza. Wa kulipa taa ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko Maskati, tangu hawa wazee wakiwa vijana, na hakuna anayejua kama yu hai.

Shemeji amerudi leo. Anataka namba ya simu ya mwenye nyumba.