Waya mweusi na fundi wa YouTube

Ukifungua soketi katika nyumba ya zamani ya Ngamiani, jijini Tanga, mara nyingi utakuta waya mwekundu na mweusi: mwekundu laivu, yaani wenye moto, mweusi nyutro, yaani wa kurudishia umeme. Kijana anayejifunza umeme kwa simu akiangukia video ya Marekani ataambiwa kinyume, kwamba mweusi ndio wenye moto na mweupe ndio nyutro. Mwalimu wa kwenye video hakosei. Kwao ni hivyo, na umeme wao wa nyumbani ni volti 120 kwa hezi 60, wetu volti 230 kwa hezi 50. Kijana akifuata alivyoona, akaukata mweusi na kuupitisha kwenye swichi, taa itawaka na kuzimika vizuri tu. Hapo ndipo penye hatari. Kazi inaonekana imekubali, kumbe swichi inakata nyutro, na holda, yaani kishikio cha balbu, inabaki na moto hata taa ikiwa imezimwa. Kosa litagunduliwa na atakayepanda stuli kubadilisha balbu.

Waya huo unatosha kupima ubishi wa siku hizi. Wako wanaosema YouTube, WhatsApp na kozi za bure zimemaliza enzi ya kusubiri darasa. Wako wanaosema zinatuzalishia mafundi nusu. Kila upande una hoja, ila wote wanauzungumzia mtandao kana kwamba ni mwalimu. Mimi nauona kama soko la Mgandini: kizuri kipo, kibovu kipo, na anayeondoka na kizuri ni yule aliyejua anachotafuta kabla hajaingia.

Kujifunza kwa mtandao wa watu kuna waasisi wake. Mwaka 2008, George Siemens na Stephen Downes huko Kanada waliifungua kozi yao ya Chuo Kikuu cha Manitoba kwa yeyote mwenye intaneti. Wanafunzi wapatao 25 walilipa ada, na wengine zaidi ya 2,000 wakaingia bure. Waliamini kwamba maarifa yamo katika viungo kati ya watu na vyanzo, na kwamba kujifunza ni kuvijenga na kuvitumia viungo hivyo. Nakubali, kwa mtu mwenye msingi. Asiye na msingi hajui hata neno la kutafuta. Chukua swichi mbili zinazowasha taa moja ya ngazi: sisi tunaziita za njia mbili, kama Waingereza, Wamarekani huziita za njia tatu. Andika jina la kwao, utaletewa nyaya za kwao. Video za India zinatufaa kuliko wengi wanavyodhani, maana huko nako ni volti 230, hezi 50, na rangi nyekundu na nyeusi zilezile. Lafudhi utaizoea.

Kuhusu bando, hesabu ni rahisi. Video ya dakika kumi kwa ubora wa 720p inaweza kula zaidi ya MB 150. Kwa 360p ni kama MB 50. Somo la nadharia, la mtu anayeongea tu, linatosha kwa 144p. La kuunganisha nyaya usishuke chini ya 360p, kwa sababu kahawia na nyekundu zitaanza kufanana. Wapakuao video ndani ya programu ya YouTube yenyewe wajue haikai milele. Baada ya muda programu hudai iunganishwe tena.

Magrupu ya WhatsApp ndiyo darasa halisi la mafundi wengi wa Tanga, na hapa upande wa watetezi una nguvu. Unapiga picha ya kisanduku, unatuma, na dakika tano baadaye mtu aliyewahi kukutana na tatizo lilelile anajibu kwa Kiswahili, akijua vifaa vinavyouzwa madukani kwetu. Hakuna kozi ya ng'ambo inayoweza hilo. Ila jibu hilo huja kwa sauti ya dakika nne, na sauti huwezi kuitafuta kwa neno kama ujumbe wa maandishi. Wiki mbili baadaye limefukiwa na salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja. Tangu 2022 grupu moja linaweza kuwa na watu 1,024. Mafuriko hayo mtu atayasoma saa ngapi? Jibu la maana liwekee nyota, kisha liandike kwa maneno yako kwenye daftari siku hiyohiyo. Picha ya mchoro itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na namba ndogo hazisomeki.

Tanga husemwa ni ya waja leo, waondoka leo. Mafunzo ya video nayo ni hivyo. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunasaidia. AnkiDroid, programu ya bure ya kadi za maswali, inakupangia marudio hayo yenyewe. Kadi kumi kwa siku zinatosha. Kosa la kawaida ni kutengeneza kadi mia mbili Jumamosi, kisha Jumatano marudio yanakuelemea na unaifuta programu.

Roboti za mazungumzo nazitaja kwa ufupi: zifanye zikuhoji, usizitegemee kwa rangi za waya.

Kinachobaki nje ya simu ni testa na mtu wa kukukagua. Kwenye swichi hata waya mweusi unaweza kuwa umetumika kurudisha moto kwenye taa, kwa hiyo rangi peke yake haikupi uhakika hata ukiwa umesoma video sahihi. Zima meni swichi, hakikisha testa yako inafanya kazi mahali penye umeme unaoujua, pima, kisha ndipo uguse. Na kufunga umeme majumbani kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo hakuna grupu linaloitoa. Aliyejifunza nje ya darasa anaweza kwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kupimwa ujuzi wake chini ya mpango wa urasimishaji. Mtahini hatamuuliza alijifunzia wapi. Atampa ubao, nyaya na bisibisi.