Programu za simu bila kuandika msimbo: kuingia rahisi, kutoka je?

Wasanidi wengi wa programu hubeza zana za kujenga programu kwa kuburuta na kudondosha vipande kwenye skrini, na hoja yao ya kwanza huwa uzito: eti programu iliyoundwa hivyo hukokota miguu. Hoja hiyo imechakaa. FlutterFlow, mojawapo ya zana hizo, huzalisha msimbo wa Flutter, teknolojia ileile ambayo wasanidi wenyewe huitumia, na kwa programu ya kupokea oda au kuweka mahudhurio mtumiaji hatahisi tofauti.

App Inventor, zana nyingine iliyoanzia Google mwaka 2010 kabla ya kuhamia chuo kikuu cha MIT cha Marekani, nayo ina faida yake: vipande vya amri visivyoendana hukataa kuunganishwa, hivyo makosa ya mabano na nukta yanayowakatisha tamaa wanaoanza hayapati nafasi. Makosa ya kufikiri yanabaki, bila shaka. Ukiiagiza programu itume ujumbe kabla ya kukagua namba, itatuma.

Tatizo ninaloliona mimi liko kwenye kuhama. Ukijenga kwa Bubble, jukwaa jingine la aina hii, data yako unaweza kuitoa, lakini mantiki ya programu huwezi kuichukua ukaiendeshe kwingine. Bei ikipanda, unalipa au unajenga upya. Ukubwa wa kampuni si kinga: Google ilifunga App Maker, zana yake ya kujengea programu za ofisini, Januari 2021, na wateja wakaambiwa wazi kwamba programu zao haziwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye jukwaa jingine. Taarifa ilitolewa mwaka mmoja kabla, lakini kwa ofisi iliyokuwa na programu kadhaa humo, huo ulikuwa mwaka wa kurudia kazi iliyokwisha kufanywa.

Hata hivyo, wanaotetea msimbo wa mkono wasijipongeze mapema. Google Play hupandisha mara kwa mara toleo la Android ambalo programu lazima ililenge, hivyo msimbo huhitaji kurekebishwa. Aliyeandikiwa programu na msanidi ambaye sasa hapatikani ana msimbo wote mkononi, ila hajui aushike wapi. Huyo naye amefungwa. Mwenye jukwaa hufanya marekebisho ya aina hiyo kwa wateja wote kwa pamoja, nao hubaki na kazi ya kuipakia upya programu.

Usalama nao hauegemei upande mmoja. Mwaka 2021 kampuni ya usalama wa mtandao ya UpGuard ilieleza kwamba rekodi milioni 38 zilikuwa wazi kwenye intaneti kupitia kurasa zilizojengwa kwa Power Apps, zana ya Microsoft ya aina hii, zikiwemo taarifa za chanjo ya UVIKO-19. Hakuna aliyedukua chochote: ulinzi wa majedwali yanayohifadhi data ulikuwa umezimwa tangu mwanzo, na waliojenga hawakuuwasha. Ningesema ni kukosa uzoefu, ila kurasa za Microsoft wenyewe zilikuwemo. Baadaye kampuni hiyo ilibadilisha mpangilio wa awali, na kurasa mpya zikaanza zikiwa na ulinzi, hata za wasiojua kuwa upo.

Fomu ya ndani ya ofisi, au wazo ambalo halijapata mteja wa kwanza, ningelijenga kwa zana hizi bila kusita. Programu inayoshika pesa au taarifa za wagonjwa ningetaka iwe na msimbo unaotoka, na mtu aliyesaini mkataba wa kuutunza. Kwa zote mbili, ningeingiza majina machache ya kubuni siku ya kwanza, kisha niyatoe yote, nione kama uhusiano kati ya majedwali unatoka nayo au unabaki humo.