Anua Matanga ya Hasara Kwanza, Ndipo Urudi Mezani

Mtu akiliwa wiki kadhaa mfululizo kwenye poka, hapa Dar ataambiwa ana gundu. Abadili kiti, abadili meza, na hakosi wa kumshauri akaoge maji ya chumvi. Mimi sikubaliani. Kinachomtokea ni hesabu, na hesabu yenyewe haina siri.

Umeshika ree mbili, karata kubwa kuliko zote, mwenzako ana K mbili zinazofuatia, na hela zote zimeingia kabla karata za mezani hazijafunguliwa. Hapo utashinda takriban mara 82 katika kila 100. Hizo 18 zilizobaki ni zake, na hazina adabu ya kuja moja leo, nyingine mwezi ujao. Zinaweza kukuangukia mbili usiku mmoja, tena kwa mtu anayecheza ovyo. Kosa la upande wa pili ni kuamini kwamba ukishaliwa sana, bahati inakudai zamu yako. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti, lile gurudumu la namba nyekundu na nyeusi, uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo huku watu wakimwaga hela kwenye nyekundu kwa imani hiyo hiyo.

Lakini kuijua hesabu hakuondoi maumivu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi kile kile kunavyofurahisha, na kwamba mtu ambaye bado hajaikubali hasara yake huingia kwenye madau ambayo siku nyingine angeyakataa. Haya tunayaona mezani kila mara. Mchezaji mzuri, anayejua kutupa karata mbovu, ikifika saa saba usiku anaanza kuzifuata zote. Wala hasemi kwamba amekasirika. Anasema, "Nirudishe tu changu niondoke." Iliyopotea kabla ya kauli hiyo mara nyingi ilikuwa ya kuvumilika, inayofuata baada yake ndiyo inayobeba ada ya mtoto.

Ndiyo maana naamini hasara inahitaji matanga, na matanga yaanuliwe. Kwenye msiba watu wanakaa, wanalia, majirani wanakuja, kisha inafika siku mikeka inakunjwa na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Aliyeliwa usiku ule hana budi kufanya vivyo hivyo: ainuke, alale, na kesho yake akitaje kiasi chote, bila kupunguza hata elfu kumi, kwa mtu anayemheshimu. Kwa mkewe, ikiwezekana. Wanaume wa mji huu tunaficha mno, na hasara iliyofichwa inakuwa deni la moyoni ambalo mtu anahangaika kulilipa kwa karata. Baada ya hapo achukue daftari, aandike namna alivyoamua. Kama hela iliingia akiwa na karata bora, alicheza sawa hata kama aliliwa. Kama iliingia kwa hasira, alikosea hata kama alikula. Na hela ya mchezo isikae kwenye simu moja na ya matumizi, kwa sababu mkopo wa kwenye simu unaingia kabla hasira haijapoa.

Nayasema haya kwa poka tu. Kwenye poka hela inatoka kwa mchezaji kwenda kwa mchezaji, kasino ikikata chake, kwa hiyo anayeamua vizuri zaidi ya wenzake ana sababu ya kuvumilia kipindi kibaya. Dubwi la mtaani, ile mashine ya kutumbukiza sarafu, au kindege cha kwenye simu, vimepangwa vibaki na sehemu ya kile wachezaji wanachoingiza. Huko kuliwa mfululizo ndivyo mchezo unavyofanya kazi, na anayekwambia uwe na subira anakupoteza.

Kuna na yule ambaye ameshaanza kuchukua mikopo ya kausha damu ili abaki mezani. Huyo daftari halimtoshi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kushindwa kujizuia na kamari kuwa ni maradhi, katika mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, ICD-11, ulioanza kutumika mwaka 2022. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Aende kama anavyokwenda mtu mwenye presha, bila aibu. Na sisi tunaocheza naye tuache kumpigia simu kila Ijumaa.